Bunduki na Harusi Katika Filamu Moja

Kabla ya kupiga picha ya kwanza, Barthélemy Kashindi aliomba aonyeshwe ndani ya bunduki. Mwenye bunduki, Bwana Hallett, alisukuma chini mkono wa chuma, chemba ikafunguka, akamulika ndani kwa tochi. Palikuwa patupu. Barthélemy alishukuru, akarudi nyuma ya kamera, akafumba jicho moja. Kisha akainuka.

"Mzee, fungua tena."

"Wewe naona sasa hivi."

"Nimeona. Fungua tena."

Hallett akafungua tena. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1998, nyumbani kwake Westville. Juu ya meza ya chakula kulikuwa na silaha alizozikusanya maisha yake yote: magobori yenye mapambo ya shaba, bunduki ya wakati wa vita vya Waingereza na Wazulu, nyingine za Makaburu, na bastola moja ndogo ndani ya kisanduku cha ngozi. Alikuwa mjane, umri wake umepita miaka sabini. Alizaliwa shambani Kenya, akahamia Durban baada ya uhuru wa kule, akafanya kazi katika ofisi ya meli bandarini mpaka akastaafu. Kiswahili alichokuja nacho kilikuwa kile cha kuwaamrisha watu wa shamba, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Sasa alitaka kumfuata binti yake Australia. Bunduki asingeweza kwenda nazo. Kampuni moja ya mnada ya Uingereza ilikuwa tayari kuziweka kwenye katalogi yake, ila kwa sharti moja: picha ziwe nzuri.

Barthélemy hakuwa mpiga picha kwa kazi. Alikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya ufukweni, yeye na Gadiel, Mchaga wa Moshi. Hallett aliwasikia siku moja wakibishana kwa Kiswahili, akateremsha kioo cha gari, akaingilia ubishi. Hivyo ndivyo walivyofahamiana. Picha Barthélemy alipiga Jumapili tu, kanisani, kwa kamera aliyotoka nayo Uvira ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta.

Kamera hiyo ilikuwa imewahi kupiga bunduki mara moja. Mwaka 1996 askari mmoja kwenye kizuizi cha barabarani aliiona, akataka apigwe picha. Alisimama, akaielekeza silaha kwenye lenzi, akacheka. Barthélemy alilazimika kupima umbali kwa tundu la mtutu, maana ndilo lililokuwa karibu zaidi. Hakujua kama ndani mlikuwa na risasi. Filamu ile aliitupa ziwani kabla boti haijafika Kigoma, lakini tundu lile lilibaki kichwani. Alikubali kazi ya Hallett kwa sababu hakupata namna ya kueleza kwa nini aikatae.

Filamu ya kwanza ilikuwa aibu. Hallett alizitandaza picha mezani kama mtu anayepanga karata mbaya. Flashi ilikuwa imeacha doa jeupe kwenye kila chuma, mbao zimekuwa nyeusi kama mkaa, na maua ya kitambaa cha meza yameonekana vizuri kuliko bunduki. Nyingi zilikuwa na ukungu, kwa sababu mikono iliyoshika kamera ilikuwa inatetemeka. Tena Barthélemy, aliyezoea kupiga watu, alikuwa amezipiga baadhi ya bunduki kwa mbele, mtutu ukitazama lenzi.

"Hii nini?"

"Ni ya mbele, Mzee."

"Hapana mtu hii. Hapana pasipoti. Bunduki nalala pembeni, watu naona yote."

Gadiel alipoonyeshwa alikaa chini kwenye ukingo wa barabara akicheka. "Kaka, ungeiambia itabasamu."

Hallett hakumfukuza. Alimpa gazeti la watu wanaokusanya silaha za kale, akamwambia aangalie picha zake. Barthélemy alilichunguza kila alipopumzika kazini, akageuza ukurasa mmoja huku na huku akitafuta mwanga ulikuwa umetokea upande gani. Aliona kwamba hakuna flashi. Mwanga wa picha zile ulikuwa mpana na mpole, kama wa siku ya mawingu. Aliona pia kwamba kitambaa cha chini hakina maua wala mng'ao, na kwamba bunduki inaonekana yote, kutoka kitako mpaka ncha ya mtutu, bila sehemu yenye ukungu. Kwa hilo ilibidi tundu la lenzi libanwe liwe dogo kabisa. Tundu likiwa dogo, kamera inahitaji muda mrefu kukusanya mwanga, na mkono wa binadamu hauwezi kutulia muda wote huo, hasa mkono wake yeye. Aliazima stendi ya miguu mitatu, akanunua waya mwembamba wa kubonyezea kitufe cha kamera kwa mbali.

Waya ule ndio uliomwokoa. Aliweza kusimama hatua kadhaa kutoka kwenye bunduki, jasho likimtoka, na kubonyeza. Mikono iliendelea kutetemeka. Picha hazikutetemeka tena.

Kitambaa alikipata kwa mke wake. Laurette ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya kanisa lao, na kimojawapo kilikuwa cha kijivu, kizito, kisichong'aa, ambacho hutundikwa nyuma ya mhubiri kufunika ukuta mbovu wa ukumbi wanaoukodi Sydenham.

"Unakipeleka wapi?" Laurette aliuliza.

"Kwa mzungu. Nitakirudisha jioni."

"Kesho kanisani iko mariage ya Peguy na Immaculée. Kikipata mafuta ya bunduki, utatundika shati yako pale."

Jumamosi ya pili ilikuwa na mawingu. Walifanya kazi verandani. Barthélemy alitandaza kitambaa, akatundika shuka jeupe upande wa pili wa meza ili mwanga urudi kwenye mbao nyeusi, akaanza. Ilibidi azishike bunduki, kwa sababu alama za vidole huonekana kwenye chuma na lazima zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kila picha. Aliomba kila chemba ifunguliwe, kisha iachwe wazi hadi dakika ya mwisho. Gobori halina chemba ya kufunguliwa, kwa hiyo Hallett alitumbukiza ufito mtutuni mpaka ukagota, akaushika kwa kidole pale ulipoishia, akautoa na kuulaza juu ya bunduki kwa nje. Ncha ikafika kwenye tundu la moto, pale baruti inapowashiwa. Maana yake hakuna baruti wala risasi iliyojificha.

"Fanya tena," alisema Barthélemy.

"Wewe kama mama mzee."

"Ndiyo, Mzee. Fanya tena."

Mwishoni Hallett alileta kile kisanduku cha ngozi. "Na hii ndogo." Barthélemy alichungulia mbingu kupitia kila tundu la gurudumu lake la risasi, akaipiga bastola ile ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na kwa karibu sana pale palipochorwa namba. Alipomaliza, filamu ilikuwa imebakiza nafasi kama theluthi.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na hakuona kuwa ni kosa. Kwa watu wa kanisa lao, filamu haitolewi katikati. Hakuna anayelipa kusafishiwa sehemu isiyo na kitu. Picha za ubatizo humalizikia kwenye za mazishi, za mazishi kwenye za mtoto mchanga, na kila mtu huchukua zake. Jumapili Barthélemy aliingia ukumbini na filamu mpya mfukoni, lakini kwanza aliimaliza ile ya kwenye kamera. Kwa hiyo Immaculée akiingia mlangoni kwa gauni la kuazima, Peguy akimvisha pete, wote wawili wakipiga magoti, na waumini wakiwa wamejipanga kwa mistari, wote waliingia kwenye filamu ya bunduki. Nyuma yao kilining'inia kitambaa cha kijivu.

Peguy alikuwa kinyozi. Kibali chake cha ukimbizi kilikuwa kimeisha tangu Pasaka. Kila alipokwenda kukiongeza, mlango ulifungwa kabla foleni haijamfikia. Akikamatwa hivyo, angeweza kupelekwa mpakani kabla mke wake hajapata habari. Waumini wote walilijua hilo. Kwenye picha za pamoja walimweka katikati.

Jumatatu Barthélemy alipeleka filamu zote mbili kwenye duka la picha mjini. Juu ya bahasha aliandika jina lake na namba ya simu ya ukumbi wa kanisa, kwa sababu nyumbani hawakuwa na simu.

Alipozifuata, msichana wa kaunta alimpa bahasha moja tu. Ya pili, alisema, bado.

"Zilikuja pamoja," Barthélemy alimwambia kwa Kiingereza.

"Mama mwenye duka anataka kukuona. Hayupo. Njoo kesho mchana."

Alisema hayo akitazama meza. Nyuma yake, mbali na bahasha nyingine zilizopangwa kwa herufi, kulikuwa na moja juu ya rafu, peke yake, imefungwa kwa mpira. Barthélemy aliutambua mwandiko wake. Aliona pia, mara ya kwanza, vyuma vipya vya dirishani. Msichana alikuwa amewahi kumsimulia mteja mwingine jinsi walivyoibiwa mwezi wa Februari, na jinsi mama alivyowekewa bastola shingoni. Barthélemy alikuwa amesikia, akapita na mambo yake. Sasa alielewa mama yule aliona nini alipofungua bahasha: bunduki, bunduki, bastola, na mara Waafrika waliovaa vizuri, wakitabasamu, mbele ya kitambaa kilekile.

Alitoka nje akaona robot, taa ya barabarani, ni nyekundu kwa watembea kwa miguu, akavuka hivyohivyo. Dereva wa taksi akamtukana kwa Kizulu. Hakusikia.

"Usirudi," alisema Gadiel. "Kaka, nakwambia kama ndugu. Hiyo filamu imekufa. Izike."

"Jina langu liko juu."

"Akina Barthélemy wako wangapi mji huu?"

"Na simu ya kanisa iko juu."

Gari lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwenye maegesho; Gadiel alilielekeza kwa mkono, akapokea sarafu, akarudi. Hakuwa na mzaha tena. "Basi Jumapili watawakuta wote mmekaa," alisema.

Laurette hakupiga kelele. Aliuliza swali moja. "Sura ya Peguy inaonekana?"

"Inaonekana vizuri."

"Ulijifunza kupiga vizuri," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Asubuhi iliyofuata Barthélemy alimpigia Hallett kwa simu ya sarafu. Mzee alipoelezwa alicheka kwanza. Bunduki zake zina leseni, alisema, zote ziko kwenye faili. Atakwenda mwenyewe dukani kumwambia yule mama aache ujinga. Kisha akasita.

"Ile ndogo wewe napiga?"

"Uliniambia nipige, Mzee."

"Namba yake pia?"

"Pia."

Barthélemy alisikia redio ikilia nyumbani kwa Hallett. Mzee aliongea kwa sauti ya chini. Bastola ile ilikuwa ya kaka yake aliyefariki. Haikuwahi kuandikishwa kwa jina lake, kila mwaka alisema ataandikisha. "Wewe hapana kwenda," alisema. "Wacha picha. Hapana kwenda, na hapana sema jina yangu." Akakata simu.

Barthélemy alibaki amesimama na mkono wa simu sikioni. Asipokwenda, polisi wangeipigia simu namba ile, au wangefika Sydenham siku ya ibada. Akienda, ataulizwa bunduki ni za nani. Alijaribu kutafuta jibu ambalo lingemficha mzee na Peguy kwa pamoja, na kila alilolipata lilimwacha yeye mwenyewe ndiye mwenye bunduki.

Mchana alikwenda. Alivaa shati alilovaa harusini, akagundua njiani kwamba ndilo linaloonekana kwenye picha moja ya pamoja, ile iliyopigwa na Laurette. Ilikuwa imechelewa kurudi.

Mama mwenye duka alikuwepo, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango wa ndani, amekumbatia mkoba. Hakumsalimia. Kwenye kaunta aliegemea mwanaume mwenye koti la kahawia aliyesema kwa Kiingereza kwamba ni mpelelezi wa polisi, akaonyesha kitambulisho. Picha zilikuwa zimepangwa mbele yake. Alivuta mbili, akaziweka sambamba: bastola, na Peguy na Immaculée wamepiga magoti. Akaweka kidole kwenye pindo la kitambaa cha kijivu, pale Laurette alipokishona kwa uzi mweusi. Kisha akakiweka kwenye pindo hilohilo chini ya bastola.

"Ni kitambaa kimoja," alisema.

"Ndiyo."

"Kiko wapi?"

"Kwangu. Mke wangu amekifua."

"Na bwana huyu ni nani?"

"Ni bwana harusi," alisema.

"Nimeona. Jina lake?"

"Mimi ndiye niliyepiga picha. Jina langu ni Barthélemy Kashindi. Nitakupa mahali ninapokaa."

"Sikukuuliza lako."

"Bunduki si zake. Hajawahi kuziona. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyeziona. Ni za mzee mmoja Westville. Nitakupeleka."

Mpelelezi akakusanya picha zote na negativu, yaani vipande vya filamu yenyewe, akatia kwenye bahasha. "Twende."

Ndani ya gari la polisi Barthélemy alikaa kiti cha nyuma. Mlango haukuwa na kishikio upande wa ndani. Walipopanda kilima kwenda Westville alikuwa akijiambia kwamba mzee anaweza kusema hamjui. Mzungu mwenye nyumba akisema hamjui mlinzi wa magari, ataaminiwa nani?

Hallett alifungua mlango mwenyewe. Alimwangalia mpelelezi, kisha Barthélemy. "Wewe naleta polisi nyumba yangu," alisema kwa Kiswahili.

"Mzee, waambie tu ni zako."

Mpelelezi hakuelewa lugha, lakini alielewa kwamba kuna jambo linaamuliwa, akawaacha. Hallett alishusha mabega. "Ni zangu," alisema kwa Kiingereza. "Ingieni."

Alileta faili. Mpelelezi alilinganisha namba na leseni, bunduki moja baada ya nyingine, polepole, huku Barthélemy akiwa amesimama na mgongo ukutani. Ilipofika bastola hapakuwa na karatasi. Hallett alieleza habari za kaka yake. Mpelelezi alisikiliza, akaandika, akasema ataichukua na mzee atahitajika kituoni na wakili wake kama anaye. Hakupaza sauti. Akaiweka bastola mezani pembeni yake.

Barthélemy alikohoa. "Na picha za harusi?"

"Negativu zote ni ushahidi."

"Za bunduki, ndiyo. Harusi si ushahidi."

Mpelelezi alitoa negativu kwenye bahasha. Duka lilikuwa limezikata vipande vifupi, na vyote vilikuwa vya upande mmoja au mwingine isipokuwa kimoja. Alikiinua dirishani: bastola, bastola tena, Immaculée mlangoni, Peguy na pete.

"Hiki kina vyote viwili," alisema.

"Kinakatika."

"Ukiikwaruza bastola, nachukua kila kitu."

Hallett, bila kuombwa, alikwenda kwenye kabati akaleta mkasi wa marehemu mke wake. Barthélemy aliupokea. Kati ya picha na picha kuna ukanda mwembamba tu usio na kitu, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Bastola ilikuwa mezani, mtutu umeelekea tumboni mwake, na ingawa alijua ni tupu, mkasi ulianza kucheza.

"Mzee, igeuze hiyo."

Hallett akanyoosha mkono. Mpelelezi akamzuia, akaigeuza yeye. Barthélemy aliegemeza viwiko mezani, akabana pumzi kama alivyozoea anapobonyeza waya, akakata. Kipande kilianguka mezani bila sauti. Mpelelezi alikiinua tena dirishani, akakitazama kwa muda uliotosha kumfanya Barthélemy ashike kiti. Bastola zilikuwa nzima. Akasukuma harusi upande wa Barthélemy, picha na negativu, isipokuwa ile ya Peguy na Immaculée wamepiga magoti. Hiyo aliishika mkononi.

"Kinyozi," alisema. "Karibu na soko. Aliwahi kuninyoa."

Mpelelezi akaiweka juu ya nyingine, akafunga daftari lake, akamwambia aende.

Jumapili, ukumbini Sydenham, Peguy alizipokea picha mlangoni. Hakuzitazama.

"Aliniona?"

"Alikuona."

"Aliuliza jina?"

"Aliuliza. Sikumwambia."

"Lakini ananifahamu."

"Alisema uliwahi kumnyoa."

Peguy alifikiri, akijaribu kukumbuka vichwa vyote vilivyopita mikononi mwake. Hakuweza. Akamwita Immaculée, aliyekuwa amekaa mbele na wanawake wengine, wakahamia kiti cha mwisho karibu na mlango wa nyuma. Nyimbo zilipoanza, watu walisimama kuimba. Yeye aliimba akiwa ameugeuzia ukuta ubavu, ili aone kila anayeingia.